UZI: Kesi ya mauaji "ikipunguzwa", nani amekula?

Mtu akiuawa, mwanasiasa hakosi kupanda jukwaani kusema: "Walishtaki mauaji, sasa eti ni kuua bila kukusudia. Wamenunuliwa!" Hata hapa Sigor siku ya soko utaisikia hiyo. Pesa huliwa, sikatai. Lakini hiyo tofauti ina historia, na sehemu yake ilitokea jirani tu, upande ule mwingine wa Msitu wa Mau.

Mwaka ni 1923, Molo. Kibarua kijana anaitwa Kitosh. Ametumwa kumrudisha farasi wa mzungu wake, ameambiwa amwongoze kwa miguu. Yeye akampanda. Kwa hilo tu, mzungu, Jasper Abraham, akamchapa vibaya, akafungwa kamba stoo, na usiku huo akafa.

Sasa sikiza. Kenya ya wakati huo ilitumia sheria ya jinai ya India, ile Waingereza walitunga 1860. Sheria hiyo ilikuwa na ngazi: mauaji, halafu kuua kusikofika mauaji, halafu chini zaidi kumwumiza mtu vibaya. Upande wa utetezi ukaleta madaktari waliosema Kitosh alikuwa ametaka kufa mwenyewe. Yaani mtu amechapwa, amefungwa, halafu kifo ni uamuzi wake! Baraza la wazee wa mahakama, wote wazungu, likateremka hadi ngazi ya chini: kuumiza vibaya. Kifungo, miaka 2.

Kelele zilifika hadi London. Kesi hiyo ikawa mojawapo ya hoja za waliotaka sheria ya India iondolewe, na 1930 tukapata Kanuni ya Adhabu, ambayo bado tunayo ikiwa na marekebisho.

Angalia kifungu cha 206. Wengi hudhani mauaji lazima uwe umepanga wiki nzima. Hapana. Ukikusudia kumwumiza mtu vibaya na akafa, hiyo nia inatosha. Ukijua kitendo chako huenda kikaua na ukakifanya tu, inatosha pia. Kwa maneno mengine, mlango ambao Abraham alitokea, kifungu hiki kimeufunga.

Kinachobaki kushusha kesi ni mambo kama kuchokozwa ghafla hadi ukashindwa kujizuia (207 na 208), ama upande wa mashtaka kushindwa kuthibitisha nia. Na hapo ndipo pagumu, kwa sababu nia haionekani. Jaji anaisoma kwa silaha, majeraha, maneno, na ulichofanya baadaye.

Mfano ni Soysambu, 2006. Robert Njoya, fundi wa mawe, alipigwa risasi ndani ya shamba la Thomas Cholmondeley. Shtaka lilikuwa mauaji. 2009 jaji akasema nia haikuthibitishwa, akamtia hatiani kwa kuua bila kukusudia: miezi 8, juu ya miaka 3 aliyokuwa ameshakaa rumande. Mwaka mmoja kabla ya Njoya, mlinzi wa wanyamapori, Samson ole Sisina, alikuwa ameuawa shamba hilohilo na Mwanasheria Mkuu akaiondoa kesi. Kwa hivyo watu wakikasirika siwaiti wajinga. Hasira ya hiyo kesi ya kwanza, kwangu, ina msingi zaidi, maana haikusikizwa hadi mwisho.

Kuna mtu ataniuliza: si mauaji ni kunyongwa, hiyo ingine ni miezi tu? Si hivyo. Kuua bila kukusudia kunaweza kukupa kifungo cha maisha (205). Na tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, Desemba 2017, jaji halazimiki tena kutoa hukumu ya kifo kwa mauaji. Mwenye mauaji anaweza kufungwa miaka michache kuliko mwenye kuua bila kukusudia.

Kwa hivyo mheshimiwa akisema kesi imenunuliwa, muulize: ni ushahidi gani wa nia ulikuwepo, na nani aliuacha nje?