Ukizima Laptopu Siku Hizi, Haizimi

Wiki jana nilipoteza kazi ya siku mbili. Nilikuwa nahariri video ya mteja, nikafunga laptopu bila kusevu, nikaenda kulala. Stima ikapotea usiku, na betri yangu ni zile za kuchoka. Asubuhi mashine ilikuwa imekufa, kazi imeenda nayo.

Mathe akasema, "Si nilikwambia uwe ukizima?"

Nilinyamaza, lakini nikaenda kuchimba historia ya hii mambo. Manze, tulikuwa tunabishana kuhusu mashine mbili tofauti.

Mathe alijifunza kompyuta enzi za Windows 95. Kwa mashine nyingi za wakati huo, kompyuta haingeweza kujikatia umeme. Ulichagua kuzima, ukangoja hadi skrini ikuambie sasa ni salama, ndipo ukabonyeza swichi mwenyewe. Ukikata umeme ghafla, faili zingeweza kuharibika. Kwa Windows 98, ukiwasha tena ilianza kwanza kukagua diski, kama mwalimu anayekuuliza jana ulikuwa wapi. Kwa hivyo "zima vizuri" haikuwa ushamba. Ilikuwa akili.

Kulaza nako kumetoka mbali. Mwaka wa 1992 Intel na Microsoft walitoa mpango wa kwanza wa pamoja wa kubana umeme, APM. Desemba 1996 wakaja na ACPI, wakiwa na Toshiba. Huu uliipa Windows yenyewe mamlaka ya kuamua nini kilale na nini kibaki macho. Laptopu ikilala kwa mtindo huo, karibu kila kitu huzimwa isipokuwa memori, ambayo inashikilia kazi yako kwa umeme kidogo. Umeme huo ukiisha, memori inasahau kila kitu. Hapo ndipo mimi niliumia.

Sasa shika hii. Mwaka wa 2012 Windows 8 ilibadilisha maana ya kuzima, na wengi wetu hatukuambiwa. Ukibonyeza "Shut down", programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo kinaandikwa kwenye diski ili kesho mashine iwake haraka. Windows 10 na 11 zimerithi tabia hiyo, na kwa laptopu nyingi inakuja ikiwa imewashwa tayari. Ndiyo maana unaweza kuzima kila usiku na bado mashine ikawa na uchovu wa wiki nzima. Kinachoanzisha kila kitu upya ni "Restart".

Kwa hivyo mathe alikuwa sahihi kwa 1995, na mimi nilidhani niko sahihi kwa sababu niko na mashine mpya. Kumbe kila mtu anarudia sheria ya kompyuta aliyoanza nayo.

Msimamo wangu ni huu. Mchana ukitoka kula, ilaze tu. Ukiiweka kwa begi ama stima ya kwenu haiaminiki, izime, kwa sababu kuna laptopu za kisasa zinaendelea kufanya kazi zikilala, zinapata joto na kumaliza betri. Mara moja kwa wiki piga "Restart". Na kabla ya yote hayo, sevu. Hilo halijabadilika tangu enzi za mathe.

Mteja bado anangoja video. Nimeanza upya.