Returnal

Returnal ni mchezo wa video wa bunilizi ya kisayansi uliotengenezwa na kampuni ya Housemarque kutoka Ufini na kuchapishwa na Sony Interactive Entertainment. Ulitoka tarehe 30 Aprili 2021 kwa ajili ya PlayStation 5. Toleo la kompyuta zinazotumia Windows lilifuata tarehe 15 Februari 2023. Mchezaji humwongoza Selene Vassos, mwanaanga ambaye chombo chake kimeanguka katika sayari iitwayo Atropos. Kila Selene anapokufa, huamka tena pale chombo kilipoanguka, na safari inaanza upya.

Tangu ulipotoka, mchezo huu umejadiliwa sana na mashabiki kwa mambo mawili: hadithi yake isiyotoa majibu ya wazi, na ugumu wake. Mambo hayo mawili ni vigumu kuyatenganisha, kwa sababu kufa na kurudi mwanzo ni kanuni ya mchezo na pia ndiyo habari yenyewe inayosimuliwa. Kwa hiyo swali la kama mchezo ungefaa kurahisishwa limekuwa pia swali la nani anayepata nafasi ya kuifikia hadithi hadi mwisho.

Historia

Housemarque ilianzishwa mwaka 1995 jijini Helsinki. Kwa miaka mingi ilijulikana kwa michezo mifupi ya kupiga risasi iliyofuata desturi ya mashine za zamani za kumbi za michezo, kama vile Super Stardust HD, Resogun (2013) na Nex Machina (2017). Michezo hiyo ilisifiwa, lakini mauzo yake hayakutosha. Mwishoni mwa mwaka 2017 kampuni ilitangaza kwamba ingeachana na michezo ya namna hiyo na kutafuta njia nyingine.

Returnal ulitangazwa mwezi Juni 2020. Ulipangwa kutoka Machi 2021, kisha ukaahirishwa hadi mwisho wa Aprili. Mwongozaji wake alikuwa Harry Krueger, na Gregory Louden alisimamia upande wa hadithi. Muziki ulitungwa na Bobby Krlic. Sauti ya Selene ni ya mwigizaji Jane Perry. Mwezi Juni 2021 Sony iliinunua Housemarque.

Namna ya kucheza

Mchezaji humwona Selene kutoka nyuma, isipokuwa katika sehemu chache ambapo huona kwa macho yake. Kazi kubwa ni kukwepa na kupiga risasi. Maadui hurusha makombora mengi yenye rangi kali yanayojaza chumba kizima, na Selene huyapita kwa kuruka au kuchomoka kwa kasi. Anayesimama mahali pamoja hupigwa mara moja.

Sayari imegawanyika katika maeneo sita, yakiwemo magofu yaliyomezwa na msitu, jangwa jekundu, ngome iliyoachwa na kina cha bahari. Baada ya kila kifo vyumba hupangwa upya, hivyo ramani aliyoizoea mchezaji haimsaidii tena. Kwa kanuni hiyo Returnal ni wa ukoo wa michezo uliopata jina lake kutokana na Rogue, mchezo wa kompyuta wa mwaka 1980.

Selene akifa hupoteza silaha alizookota, sarafu zinazoitwa oboliti, na vifaa vingi vilivyomwongezea nguvu. Vichache hubaki: vifaa vya kudumu kama upanga na kamba ya kujivutia, sifa mpya za silaha alizokwisha kuzifungua, na etha, ambayo ni mali adimu inayoweza kuwekwa akiba. Adui mkuu wa eneo akishashindwa, mchezaji halazimiki kupigana naye tena kila mara, maana njia ya mkato hufunguka. Vilevile, baada ya maeneo matatu ya kwanza kukamilika, kifo humrudisha mchezaji mwanzo wa eneo la nne na si la kwanza.

Vitu vingi vina faida na hasara kwa pamoja. Vimelea vinavyojishikiza mwilini mwa Selene huweza kumponya polepole huku vikimpunguzia ulinzi. Makasha mengine yana uchafu unaoweza kuharibu kifaa chake mpaka atimize sharti fulani. Kila mara mchezaji hupima kama faida inastahili hatari yake, na akikosea hesabu huenda akapoteza kazi ya saa nzima.

Katika njia zake Selene hukuta pia maiti za Selene wengine ambao ni wachezaji halisi waliofia mahali hapo. Kwa njia ya intaneti mchezaji anaweza kutazama jinsi mwenzake alivyokufa, kisha akachagua kumlipizia kisasi kwa kupigana na adui mkali na kupata zawadi.

Hadithi

Selene ni mpelelezi wa shirika la anga liitwalo ASTRA. Akiwa katika chombo chake, Helios, anafuata ishara inayojulikana kama Kivuli Cheupe, ambayo anaamini amewahi kuisikia zamani, ingawa amekatazwa kuifuata. Chombo kinapigwa na dhoruba na kuanguka Atropos. Muda mfupi baadaye anakuta maiti iliyovaa suti yake mwenyewe. Karibu yake kuna kinasa sauti chenye sauti yake ikieleza mambo asiyoyakumbuka. Kadiri anavyoendelea, anakuta maiti na sauti nyingine nyingi. Katika baadhi ya sauti hizo anasikika akiwa amekata tamaa au amekubaliana na sayari.

Katikati ya msitu wa sayari hiyo ngeni imesimama nyumba ya kawaida ya karne ya 20, ileile aliyolelewa. Ndani yake Selene anakutana na kumbukumbu za mama yake Theia, za mtoto aitwaye Helios, na za mwanaanga aliyevaa suti ya zamani ambaye humtokea mara kwa mara bila kusema neno.

Baada ya kumshinda Nemesis, adui mkuu wa eneo la tatu, mchezaji hudhani amemaliza. Chombo cha uokoaji kinafika, Selene anarudi duniani, anazeeka, anakufa na kuzikwa. Kisha anaamka tena Atropos. Kifo cha uzeeni nacho hakikumtoa katika mzunguko.

Nusu ya pili inamshusha hadi kilindi, ambako anamkuta adui wa mwisho, Ophion, na gari lililozama. Onyesho linalofuata ni la gari usiku, mtoto akiwa kiti cha nyuma, na mwanaanga akisimama barabarani mbele yake. Gari linatumbukia majini. Anayetaka kuona mwisho mrefu zaidi hulazimika kurudi katika maeneo yote na kukusanya vipande sita vya sanamu ya uso wa jua. Hata hapo mchezo hausemi waziwazi nini kilitokea.

Tafsiri za mashabiki

Housemarque iliacha maana ya hadithi wazi kwa makusudi, na mashabiki wamejenga tafsiri kadhaa.

Tafsiri inayotajwa sana ni kwamba Selene ndiye aliyekuwa akiendesha gari lililozama, kwamba mwanawe Helios alikufa, na kwamba Atropos ni picha ya majuto yake. Kwa mtazamo huu, kila mzunguko ni adhabu anayojipa mwenyewe, na jina la chombo ni jina la mtoto asiyeweza kumsahau.

Tafsiri ya pili humweka Selene katika nafasi ya mtoto. Dereva alikuwa mama yake Theia, ambaye baadaye alitumia kiti cha magurudumu, na aliyepotea ni ndugu wa Selene. Wanaoitetea hutegemea visasili vya Kigiriki, ambamo Helios, yaani jua, na Selene, yaani mwezi, ni ndugu, watoto wa Theia na Hyperion. Hyperion pia ni jina la adui mkuu wa eneo la nne, ambaye hupiga kinanda kikubwa wakati Selene akipanda mnara kumfuata.

Wengine huona kwamba habari hizo mbili zimechanganywa kwa makusudi, kiasi kwamba kosa la mama na kosa la binti haviwezi kutenganishwa. Wapo pia wanaoichukulia sayari kuwa mahali halisi penye uwezo wa kusoma mawazo ya anayeingia na kumjengea jela kutokana nayo.

Pande zote hukubaliana kuhusu dalili kadhaa. Katika visasili Atropos ni yule kati ya dada watatu wa majaaliwa anayekata uzi wa uhai. Oboli ilikuwa sarafu waliyowekewa wafu ili wamlipe mvushaji wa mto wa kuzimu. Wimbo wa Blue Öyster Cult wa mwaka 1976, "(Don't Fear) The Reaper", ambao mada yake ni kifo, hurudi mara kwa mara, na moja ya nafasi hizo ni kinanda cha Hyperion.

Mjadala kuhusu ugumu

Returnal hauna menyu ya kuchagua kiwango cha ugumu. Wakati wa kutoka kwake haukuwa pia na njia ya kuhifadhi safari katikati, ilhali safari moja iliweza kuchukua saa mbili au zaidi. Aliyetaka kupumzika alitakiwa kuiacha konsoli katika hali ya usingizi bila kuizima. Umeme ukikatika, programu ikijisasisha yenyewe, au mtu mwingine wa nyumbani akifungua mchezo wake, safari yote ilipotea. Bei nayo ilichochea malalamiko, kwa kuwa mchezo uliuzwa takriban dola 70 nchini Marekani, na wengine waliona wamelipia hadithi ambayo wasingeifikia.

Waliotetea mpangilio huo walisema kwamba woga wa kupoteza kila kitu ndio unaomfanya mchezaji aelewe hali ya Selene. Kama kifo kingekuwa chepesi, sauti za kukata tamaa zinazookotwa njiani zingekuwa maneno matupu. Waliongeza kwamba mchezaji hujifunza kweli: maadui waliomuua mara kumi huja kuwa wepesi kwake ingawa nguvu zao hazikupunguzwa.

Waliopinga walitofautisha ugumu na usumbufu. Kwa maoni yao, kushindwa na adui ni sehemu ya mchezo, lakini kupoteza saa mbili kwa sababu mtoto analia au zamu ya kazi imefika si changamoto ya ustadi. Wengine walitaja watu wenye ulemavu wa mikono au wa macho, ambao mwendo wa kasi na wingi wa makombora huwafungia mlango mapema. Kwao, kukosekana kwa njia nyepesi kulimaanisha kwamba nusu ya pili ya hadithi ingebaki kitu cha kutazamwa katika video za wengine.

Kundi la tatu lilitazama suala la bahati. Kwa kuwa silaha na vifaa hutolewa kwa kubahatisha, safari moja huweza kuwa rahisi na inayofuata ngumu kupita kiasi, bila mchezaji kubadilika. Wapo walioliona hilo kuwa dosari, na wapo waliolipenda kwa sababu lilifanya kila safari iwe na sura yake.

Mabadiliko yaliyofuata

Mwezi Oktoba 2021 Housemarque ilitoa sasisho lililoongeza uwezo wa kusimamisha mzunguko. Mchezaji anaweza kuzima konsoli na kuendelea baadaye kutoka palepale, lakini alama hiyo hutumika mara moja tu na hufutika anapoendelea. Tena haiwezi kuwekwa katikati ya pambano na adui mkuu. Kwa njia hiyo kampuni iliondoa usumbufu wa muda bila kumruhusu mchezaji kurudia pambano aliloshindwa. Kifo kilibaki kuwa kifo.

Tarehe 22 Machi 2022 lilitoka sasisho jingine la bure lililoleta mambo mawili. La kwanza ni kucheza watu wawili kwa ushirikiano, ambapo mmoja akianguka mwenzake anaweza kumwinua. Wachezaji wengi waliokwama peke yao walipata msaada kwa njia hiyo. La pili ni Mnara wa Sisyphus, mahali pasipo na mwisho ambapo mchezaji hupanda hadi afe. Jina limetoka kwa mfalme wa visasili aliyehukumiwa kusukuma jiwe mlimani milele. Mnara huo uliongeza maonyesho yanayomhusu Theia na hospitali, na hivyo ukaupa mjadala wa tafsiri vielelezo vipya.

Mapokezi na tuzo

Wahakiki wengi waliusifu mchezo kwa mapambano yake, sauti, na hali ya hofu inayotanda katika sayari, huku wakitaja ukosefu wa kuhifadhi kuwa kasoro kubwa. Kufikia Julai 2021 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala 560,000. Katika tuzo za michezo za BAFTA za mwaka 2022 ulipata tuzo nne: mchezo bora, sauti, muziki, na mwigizaji bora katika nafasi kuu, iliyokwenda kwa Jane Perry.

Mwezi Februari 2025 Housemarque ilitangaza mchezo uitwao Saros, unaoongozwa na Gregory Louden. Nao unahusu kufa na kurudi katika sayari ya mbali, lakini umeelezwa kuwa mhusika wake hurudi na silaha na suti zilizoongezwa nguvu kwa kudumu. Mashabiki wa Returnal waliipokea habari hiyo kwa mgawanyiko uleule wa mwaka 2021: wengine waliona mlango umefunguliwa kwa watu wengi zaidi, na wengine wakauliza kama kifo kisichogharimu sana bado kitaweza kusimulia hadithi.