Bibi Salme na Mchanga wa Unguja



Wazee wengi miongoni mwetu, nami nikiwamo, tumefungwa na magoti na presha ndani ya nyumba za ugenini, ilhali nyoyo zingali zikisafiri. Nimeona vyema nieleze habari za aliyetutangulia katika njia hii, Bibi Salme binti Said bin Sultan.

Alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka kwa siri kwa ajili ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete. Walioana Aden, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wachanga katika nchi ya baridi.

Baada ya miaka kadhaa afya yake ilidhoofika, akahofu kufa kabla wanawe hawajafikia umri wa kusimuliwa asili yao. Ndipo aliposhika kalamu. Utotoni alikuwa amejifundisha kuandika kwa kunakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Sasa aliandika kwa Kijerumani. Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886, lakini alizianza kwa ajili ya wanawe tu.

Mwenyezi Mungu alimjalia umri mrefu kuliko alivyotarajia. Alirejea Unguja mwaka 1885 na 1888, asipate urithi aliodai wala suluhu na nduguze. Aliishi Jaffa na Beirut hadi mwaka 1914, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki Jena mwaka 1924, akiwa na miaka 79. Katika vitu vyake ulikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, akazikwa nao Hamburg. Mchanga uliingia kaburini. Maandishi yamebaki, nasi tunayasoma.

Katika utumishi wangu serikalini nilijifunza kwamba jambo lisilotiwa jaladani huhesabiwa kuwa halikutokea. Hivyo nawasihi vijana: keteni na wazee wenu, muwarekodi kwa simu zenu, muandike majina, mitaa na safari zao, maadamu sauti zingalipo.

Kwa kamati nina ombi moja. Mkutano ujao na ufanyike karibu na wale ambao madaktari wamewakataza kupanda ndege. Mzee hawezi tena kuiendea dunia anayoitamani. Nyinyi mnaweza kumpelekea.