Mwizi wa Usiku na Mwizi wa Mchana

Wasomaji wetu, ni nani kati yetu asiyelijua yowe la mwizi? Kijiji kimelala kimya, mara sauti yalia, "Mwizi! Mwizi!" na kila mwanamume hutoka mbio, huyu na rungu, huyu na panga, huyu na jiwe aliloliokota njiani. Saa ile hakuna aulizaye, "Mtu huyu yafaa atendewe nguvu kiasi gani?" Swali hilo huulizwa asubuhi, maiti ikiwa imelala chini ya mwembe, imefunikwa majani ya mgomba. Lakini ni swali la kale sana, na watu wa mataifa mbalimbali wamelijibu tangu zamani. Mwezi huu twataka kuifuata habari yake, tokea torati ya Musa hata mahakama za Marekani. Maana lamhusu askari polisi mwenye bunduki, tena latuhusu na sisi wenye rungu.

Jibu la kwanza wengi wetu twalijua, kwa kuwa limo katika kitabu cha Kutoka, mlango wa 22. Waisraeli waliamriwa hivi: mtu akimkuta mwizi anavunja nyumba usiku, akampiga hata akafa, aliyempiga hana hatia ya damu, bali ikiwa jua limekwisha kupanda, hatia iko. Mwizi wa mchana alipaswa kulipa, na kama hana kitu, auzwe kwa ajili ya wizi wake, lakini asiuawe. Kwa nini pawe na tofauti hiyo, nao wote wawili ni wezi? Twaona sababu ni hii. Gizani mwenye nyumba hajui kama aliyeingia amekuja kuchukua mbuzi au kuwakata watu shingo. Hajui kama yuko mmoja au wako watatu. Wala hana jirani wa kumsaidia, maana wote wamelala. Mchana aona kwa macho yake. Akiona kwamba mtu yule ataka mali tu, basi mali ina bei yake, na bei ya mbuzi si roho ya mtu.

Warumi, ambao hawakuwa na torati, walifika karibu na palepale. Yapata mwaka 450 kabla ya Kristo waliandika sheria zao katika vibao kumi na viwili, ili kila mtu azijue. Mwizi wa usiku aliweza kuuawa bila kosa. Mwizi wa mchana hakuuawa, ila akijitetea kwa silaha. Na hata hapo ilimpasa mwenye mali apige kelele kwanza, watu wasikie na kushuhudia. Angalieni neno jipya lililoongezwa: haitazamwi saa peke yake, hutazamwa na kile alichokishika mwizi mkononi. Na kelele zile zafanana sana na onyo ambalo askari wa leo hutakiwa kulitoa kabla ya kupiga risasi.

Sasa twende Uingereza, maana sheria za nchi nyingi, na zetu pia, zilichukua mengi huko. Zamani Waingereza hawakuwa na polisi. Kosa likitendeka, yowe lilipigwa, na watu waliolisikia walipaswa kisheria kumfuata mkosaji kutoka kijiji hata kijiji. Ikawa kanuni kwamba mtu aliyetenda kosa kubwa, kama kuua, kunyang'anya, au kuvunja nyumba usiku, akikimbia, wala hakuna njia nyingine ya kumshika, aweza kuuawa. Kanuni hii yaonekana kali, lakini ilikuwa na hoja yake. Siku zile makosa hayo karibu yote yalihukumiwa kwa kunyongwa. Aliyeuawa akikimbia alikufa mapema kidogo tu kuliko ambavyo angalikufa kwa kamba. Tena silaha zilikuwa za mkono, hata mwenye kumfuata mkosaji ilimlazimu amfikie na kushindana naye uso kwa uso.

Hata ilipofika karne ya 19, mambo yaligeuka. Bunge la Uingereza liliondoa adhabu ya kifo katika kosa moja baada ya jingine, na baada ya mwaka 1861 walionyongwa walikuwa karibu wauaji peke yao. Mwaka 1829 Robert Peel, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alianzisha polisi wa London, nao kwa kazi ya kila siku wakapewa rungu la mti, si bunduki. Mwizi wa nguo hakunyongwa tena, alifungwa. Lakini kanuni ya kale juu ya mtu anayekimbia haikufutwa. Ilibaki kama mti uliokauka mizizi, nao bado umesimama. Waamerika walikuwa wameipokea pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, na kwao polisi walitembea na bastola kiunoni. Hivyo ikawa, mwizi ambaye hakimu angalimfunga miaka michache tu, askari aliweza kumwua kwa dakika moja kwa sababu amekimbia.

Usiku wa tarehe 3 Oktoba 1974, yapata saa tano kasorobo, askari wawili wa mji wa Memphis, katika jimbo la Tennessee, walipewa habari kwamba mtu ameingia katika nyumba ya watu. Walipofika walimkuta mwanamke amesimama barazani, akiwaonyesha nyumba ya jirani. Alisema amesikia kioo kikivunjika. Askari mmoja akazunguka nyuma. Akasikia mlango ukibamizwa, akaona mtu akikata mbio uani, hata akazuiliwa na ua wa waya wenye kimo cha futi 6 hivi. Askari akammulika kwa tochi. Akauona uso wake na mikono yake. Hakuona silaha, naye baadaye alikiri kwamba alikuwa na hakika ya kutosha kuwa kijana yule hana silaha. Akapaza sauti, "Polisi, simama!" Kijana akaanza kuupanda ua. Askari aliona kwamba akivuka hatamshika tena. Akapiga risasi, nayo ikampata kichwani kwa nyuma. Akafa hospitali. Alikuwa na umri wa miaka 15. Alikutwa na kibeti na dola 10 zilizotoka katika nyumba ile.

Je, askari yule alivunja sheria? Sheria ya Tennessee ilisema kwamba mtu akiisha kujulishwa kuwa anakamatwa, naye akakimbia, askari aweza kutumia njia zote zilizo lazima ili amshike. Ndiyo kanuni ya kale ya Waingereza, iliyovuka bahari. Kwa hiyo waliolichunguza jambo lile pale Memphis hawakumshtaki. Lakini baba wa marehemu hakunyamaza. Alifungua shauri, akashindwa katika mahakama ya kwanza, akakata rufani, na mwisho shauri likafika mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi nzima, huko Washington. Hukumu ilitolewa tarehe 27 Machi 1985, zaidi ya miaka 10 baada ya risasi ile. Wanasheria huiita Tennessee v. Garner.

Majaji sita, dhidi ya watatu, waliamua kwamba sheria ile, ikitumiwa kumwua mtu asiye na silaha wala hatari, haipatani na Katiba. Jaji Byron White ndiye aliyeuandika uamuzi huo. Askari asitumie nguvu ya kuua juu ya mtu anayekimbia, ila akiwa na sababu njema ya kuamini kwamba mtu huyo aweza kuua watu au kuwaumiza vibaya, wala hakuna njia nyingine ya kumzuia. Na ikiwezekana amwonye kwanza. Mwizi akitoroka ni hasara, lakini hasara hiyo haitoshi kuleta kifo. Majaji watatu walikataa, na neno lao si la kupuuzwa. Jaji Sandra Day O'Connor alieleza kwamba kuvunja nyumba ya watu usiku ni kosa la hatari, ambalo huweza kuleta kupigwa na kunajisiwa kwa wenyeji. Tena kwamba askari hukata shauri upesi mno, hana nafasi ya kufikiri waliyo nayo majaji. Mtu ambaye nyumba yake imewahi kuvunjwa ataona ukweli wa maneno hayo, nasi twauona.

Illakini turudi katika torati. Ni kweli ilikuwa usiku; lakini tochi ilikuwa imefanya mchana. Giza lililomwondolea hatia mwenye nyumba wa kale lilikuwa giza la kutojua. Askari wa Memphis alikuwa ameona uso, ameona mikono mitupu, na kijana alikuwa amempa kisogo. Mtu akiisha kujua kwamba hakuna hatari, nguvu ya kuua haimkingi mtu yeyote, imekuwa adhabu. Na kuadhibu si kazi ya polisi. Ni kazi ya hakimu, tena baada ya kuwasikia mashahidi. Hapo ndipo ulipo mpaka wa jambo lote.

Wala si bunduki peke yake ipimwayo hivyo. Mwaka 1984, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, mtu mmoja mwenye ugonjwa wa kisukari alizidiwa, akamwomba rafiki yake ampeleke dukani kwa gari akanunue maji ya machungwa. Alipoona watu wamepanga foleni ndefu, alitoka haraka ili aende kwingine. Askari aliyekuwa akitazama akashuku, akalifuata gari, akawasimamisha. Wakaja na askari wengine. Wakamfunga mgonjwa pingu, wasisikilize maelezo, na hata maji ya machungwa aliyoletewa wakamnyima. Mwisho ikajulikana kwamba dukani hapakutendeka kosa lolote, akarudishwa kwake, na mguu umevunjika. Shauri lake nalo lilifika Washington, na mwaka 1989 majaji waliagiza lipimwe upya kwa kipimo hiki: nguvu ya polisi itazamwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwapo saa ile, si kwa macho ya mtu aliyekwisha kuujua mwisho wa habari. Na ayapime hasa maneno matatu. Kosa linaloshukiwa ni kubwa kiasi gani? Mtu huyu ni hatari sasa hivi kwa askari au kwa watu wengine? Je, anashindana na wanaomkamata, au anakimbia? Kipimo hiki humlinda na askari mwema aliyekosea kwa haraka. Ila hakimlindi aliyekataa kutazama.

Mataifa mengine yalifika hapo kwa njia zao. Uingereza mwaka 1967 ilitunga sheria kwamba mwenye kuzuia kosa au kumkamata mkosaji atumie nguvu ipasayo hali ilivyo, basi. Mwaka 1979 Umoja wa Mataifa uliwaandikia polisi wa dunia kwamba watumie nguvu pale tu inapokuwa lazima kabisa, na kwa kadiri ya kazi yao. Na mwaka 1990, katika mkutano wa Havana, likaongezwa agizo kwamba aliyejeruhiwa apewe matibabu upesi. Kwetu pia, Kanuni za Adhabu za Kenya na Tanzania zaiagiza mahakama, ipimapo nguvu iliyotumika kumkamata mtu, iangalie uzito wa kosa lake na hali iliyokuwapo. Na sheria ya polisi ya Kenya ya mwaka 2011 yamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu.

Labda msomaji atasema, "Hayo ni ya polisi, sisi si polisi." Ndugu, mara ukimbiliapo yowe na kumshika mtu, umeishika kazi ya polisi, na mpaka wake umekuwa wako. Sheria yamruhusu mwananchi kumkamata mwizi, ili amfikishe kwa wenye amri. Haikumruhusu kumwua aliyekwisha kushikwa. Mwizi aliyelala chini, watu ishirini wamemzunguka, mikono yake mitupu, huyo ni mwizi wa mchana, hata kama jogoo wa kwanza hajawika.

Basi yowe likipigwa tena, na tutoke, maana kumwacha jirani peke yake ni aibu. Lakini mmoja wetu achukue taa. Tukimfikia mtu yule, tuimulike mikono yake kwanza. Na kama haina kitu, tumfunge kamba, tukae naye hata kupambazuke.