KIGARI CHA VITI VIWILI, MUZIKI WA DISKO: Walivyohangaika mafundi kuweka redio kwenye gari la michezo

Wadau, kikipita kigari cha michezo, kile cha viti viwili na turubai limekunjwa nyuma, wengi wanaangalia rangi, rimu na nani kakaa kiti cha pembeni. Fundi wa redio haangalii huko. Yeye anajiuliza spika zitakaa wapi. Mlango mwembamba, nyuma ya viti hakuna nafasi, buti linaingia mabegi mawili basi, halafu paa lenyewe hakuna. Na mwenye gari bado anataka muziki usikike akiwa kwenye kilomita 100 kwa saa! Vita hiyo inakaribia miaka 100 sasa, na waliopigana kwa mikono yao, na bisibisi mkononi, wengi majina yao hayakuandikwa popote.

Tuanzie Chicago, Marekani, mwaka 1930. Uchumi umeanguka, kiwanda kidogo cha ndugu wawili kiko hoi. Wakatengeneza redio ya gari na kuiita Motorola. Inasimuliwa kwamba yule ndugu mkubwa alienda kuomba mkopo benki, na ili kumlainisha bosi wa benki akaagiza vijana wake wamfungie redio kwenye Packard yake. Haikupita nusu saa, Packard ikashika moto. Mkopo ukaota mbawa hapo hapo. Jamaa hakukata tamaa. Akaendesha gari lake lenye redio mpaka Atlantic City, kwenye mkutano wa watengeneza redio mwezi Juni, na kwa kuwa hakuwa na banda ndani, akapaki nje akafungulia sauti. Oda zikaanza kuja.

Redio hiyo iliuzwa kati ya dola 110 na 130, wakati Ford mpya ilikuwa kwenye dola mia tano au sita hivi. Ujerumani nako mwaka 1932 Blaupunkt walitoa ya kwao kwa marki 465, karibu theluthi ya bei ya gari. Yaani leo ununue gari la milioni 15 halafu redio peke yake milioni 5.

Kuifunga sasa ndiyo ilikuwa shughuli. Redio za taa zilitaka umeme wa volti nyingi kuliko betri ya gari, kwa hiyo mafundi walikata sakafu ili kuficha betri za ziada. Plagi za injini zilikuwa zinatoa kelele inayoingia redioni, ta-ta-ta-ta, kila ukikanyaga mafuta kelele inaongezeka. Ikabidi plagi na waya zake zifungwe vifaa vya kuzuia hiyo kelele. Antena nayo ilikuwa wavu wa waya unaofichwa ndani ya paa la kitambaa. Kwenye gari la wazi paa la kudumu hakuna! Njia mojawapo ikawa kuipeleka antena chini, kwenye ubao wa kukanyagia wakati wa kupanda gari, ambako inapigwa na matope na mawe njia nzima. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza gari la wazi lilikuwa mtoto wa kambo kwenye mambo ya redio.

Baada ya vita vya pili mambo yakanoga kidogo, hasa kwa wenye pesa. Mwaka 1953 Becker wa Ujerumani walitoa redio inayotafuta stesheni yenyewe, wakaiita Mexico, kwa heshima ya mbio za Carrera Panamericana ambazo Mercedes 300 SL ilishinda huko Mexico mwaka 1952. Redio imebeba jina la mbio, mambo si hayo.

Waingereza ndio walikuwa na vituko. Wao ndio walikuwa wafalme wa vigari vidogo vya wazi, na MGB iliyoanza 1962 ilikuwa ndoto ya kila kijana. Lakini mpaka 1967 umeme wake ulikuwa kinyume na tuliozoea leo: upande chanya wa betri ndio ulifungwa kwenye bodi. Zile redio za zamani za taa nyingi hazikujali sana. Zilipokuja za transista, ukiichukua iliyotengenezwa kwa ajili ya bodi hasi ukaifunga bila kuangalia, boksi lake la chuma likigusa bodi tu, kwisha habari yake. Ndiyo maana redio nyingi za enzi hizo zilikuwa na swichi ndogo ya kugeuza chanya na hasi. Fundi aliyesahau hiyo swichi alilipa redio ya mtu.

Turudi Chicago ileile, Februari 1989. Kwenye maonyesho ya magari Mazda wakaonyesha MX-5, kigari kilichofuata nyayo za vile vya Waingereza, ila hiki hakivujishi oili na kinawaka asubuhi. Injini ya lita 1.6, uzito chini ya tani moja, bei ya kuanzia Marekani dola 13,800. Japani kiliitwa Eunos Roadster. Kilinunuliwa na watu wa kawaida, na watu wa kawaida ndio waliotaka muziki. Hapo mafundi wa mtaani wakapata kazi ya kweli.

Chukua mlango wake. Spika ya inchi sita na nusu inakaa, ila kioo kinashukia nyuma yake. Sumaku ikiwa ndefu, siku mteja anashusha kioo chote kinagonga spika. Fundi anayejua hupima kioo kikiwa chini kabisa, ndipo anatoboa. Halafu mvua. Gari la wazi halikosi kunyeshewa siku moja, na spika ya karatasi ikilowa mara mbili tatu imekwisha, bora ya plastiki. Sabufa je? Wengine waliiweka miguuni kwa abiria, ambaye sasa anakaa kama yuko daladala iliyojaa, magoti kidevuni.

Kuna zawadi moja ndogo. Kwenye vizazi viwili vya kwanza vya MX-5 betri iko ndani ya buti, si mbele kwenye injini. Ukiweka amplifaya nyuma, waya mnene wa umeme unakuwa mfupi kabisa, na fyuzi inakaa palepale karibu na betri inakotakiwa. Waya wa muziki unaotoka mbele unapitishwa upande mwingine, usilale pamoja na wa umeme, la sivyo alteneta itaimba kwenye spika kila injini ikipanda.

Sasa tatizo lenyewe ni upepo. Wengi walidhani dawa ni wati. Hesabu inakataa. Ukitoka wati 20 kwenda 40, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti ndogo sana sikioni. Ili sikio lione muziki umekuwa mara mbili unahitaji karibu wati 200. Na kelele ya upepo na matairi inameza besi kwanza, kwa hiyo unabaki na vile vitu vya juu vinavyochoma masikio. Jamaa wakafunga amplifaya kubwa, wakafungua turubai, na wimbo wakausikia vizuri walipofika kwenye taa nyekundu. Waliofaidi ni watembea kwa miguu.

Lakini ukiileta spika nusu ya umbali, kwenye sehemu ya wazi unapata kama desibeli 6 bila kuongeza hata wati moja. Ndiyo maana MX-5 ya kwanza iliweza kuagizwa na spika ndani ya vichwa vya viti, nyuma kabisa ya masikio. Kukawa na mfumo mwingine wa Panasonic ambao ndani ya kiti uliweka na vifaa vya kutikisa, besi ikiliwa na upepo unaisikia mgongoni. Mzaha mzaha hivi, ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye historia hii, na haikushinda kwa nguvu. MX-5 ya kizazi cha nne ikaendelea nayo: mfumo wa Bose wa spika 9, 4 kati ya hizo zikiwa kwenye vichwa vya viti, na unabadilisha mpangilio wa sauti kutegemea paa limefungwa au limefunguliwa.

Kulikuwa na adui mwingine, mwizi. Miaka ya 80 na 90 watu New York waliweka vibao kwenye vioo vya magari kusema ndani hakuna redio. Kwa wenye turubai hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mwizi anapasua kwa kisu, na turubai jipya linaweza kuzidi bei ya redio iliyoibwa. Wenye vigari hivi wengine wakaamua kuacha milango bila kufunga, redio wakachomoa uso wake wakaondoka nao mfukoni. Afadhali mwizi afungue mlango kistaarabu aone hakuna kitu.

Huku kwetu kimoja kimoja kinafika kutoka Japani, kimetumika, kupitia Dar au Mombasa, na kinakuja na shida yake. Redio ya zamani ya Japani inashika FM 76 mpaka 90 tu, wakati huku stesheni zinaanzia 87.5 mpaka 108. Unabaki na stesheni za kuhesabu kwa vidole. Kuna wanaofungiwa kile kidude kinachokaa kati ya antena na redio kushusha mawimbi, na namba zinazosomeka kwenye redio zinakuwa si za stesheni tena. Wengi wanaona bora ing'olewe kabisa, iwekwe mpya yenye bluetooth. Fundi mwenye akili akishaitoa haziondoi zile spika za vichwani. Anazifuata waya zake chini ya kiti, anaziunga kwenye redio mpya, kisha anamwambia mwenye gari akunje turubai watoke mpaka barabara kubwa, maana pale gereji hakuna upepo wa kupimia.