Klabu ya Athletics na Pengo la Mishahara katika Besiboli ya Kulipwa nchini Marekani, 1929–2024

Utangulizi

Ligi kuu ya besiboli nchini Marekani ina klabu 30, na kila klabu hucheza mechi 162 katika msimu wa kawaida. Uwanjani klabu zote hufuata kanuni zilezile, lakini hazilingani katika fedha zinazotumia kuwalipa wachezaji. Mwaka 2002, New York Yankees ilitumia takriban dola milioni 125 kwa mishahara, ilhali Oakland Athletics ilitumia takriban dola milioni 40. Wamiliki wa klabu wamekuwa wakidai kwamba pengo la namna hii lilitokana na haki ya wachezaji ya kuhama, na kwamba dawa yake ni kuiwekea mishahara ukomo. Chama cha wachezaji kwa upande wake kimeshikilia kwamba tatizo limo katika mapato ya klabu na katika namna wamiliki wanavyogawana mapato hayo.

Makala haya yanazipima hoja hizo mbili kwa kufuatilia historia ya klabu moja. Athletics ilikuwa Philadelphia hadi mwaka 1954, Kansas City kuanzia 1955 hadi 1967, na Oakland kuanzia 1968 hadi 2024. Klabu hiyo imewahi kuwa bingwa, imewahi kuuza wachezaji wake ili ijikimu, imewahi kuongoza ligi nzima kwa mishahara mikubwa, na imewahi kuwa mfano maarufu wa klabu maskini. Inajengwa hoja kwamba pengo lilitangulia uhuru wa wachezaji, na kwamba kilichobadilika baada ya 1975 ni mtu anayezipokea fedha. Aidha, inaonyeshwa kwamba umaskini wa klabu hutokana na soko lake pamoja na uamuzi wa mmiliki wake.

Biashara ya Wachezaji kabla ya 1975

Mwaka 1879 wamiliki wa klabu za National League waliafikiana kwamba kila klabu itenge wachezaji watano ambao klabu nyingine hazingeruhusiwa kuwaajiri. Baadaye utaratibu huo, ambao hapa unaitwa kanuni ya kubakiza wachezaji, ulipanuliwa hadi ukawafunga karibu wachezaji wote. Mchezaji alibaki na njia mbili tu: kukubali ujira aliopewa au kuacha kucheza. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haikuguswa na sheria za kupinga ukiritimba, na hivyo kanuni hiyo ikapata kinga.

Wamiliki waliitetea kanuni hii kwa hoja ya usawa. Walidai kwamba bila kanuni hiyo klabu tajiri zingewazoa wachezaji bora wote. Historia haikuthibitisha dai hilo. Mwishoni mwa mwaka 1919 mmiliki wa Boston Red Sox alimuuza Babe Ruth kwa Yankees kwa dola 100,000, pamoja na kupata mkopo. Kati ya mwaka 1923 na 1962, Yankees ilitwaa ubingwa wa World Series mara 20, na yote hayo yalitokea wakati hakuna mchezaji aliyeweza kuhama kwa hiari yake.

Mfano wa Athletics unaeleza jinsi jambo hilo lilivyowezekana. Chini ya Connie Mack, klabu hiyo ilikuwa bingwa mwaka 1929 na 1930, na iliongoza American League tena mwaka 1931. Mdororo mkuu wa uchumi ulipopunguza watazamaji, Mack alianza kuuza wachezaji. Mwaka 1932 wachezaji watatu, akiwemo Al Simmons, waliuzwa kwa Chicago White Sox kwa dola 100,000. Mwaka uliofuata Lefty Grove alipelekwa Boston, na Jimmie Foxx akamfuata mwishoni mwa 1935. Mwaka huohuo wa 1935 Athletics ilimaliza ikiwa ya mwisho katika American League. Kanuni ya kubakiza wachezaji haikuwazuia kwenda kwenye fedha. Ilihakikisha tu kwamba bei yao inaingia katika mfuko wa mmiliki.

Mwaka 1956 mwanauchumi Simon Rottenberg aliitoa hoja hiyo kinadharia. Kwa maoni yake, mchezaji huishia katika klabu ambako kipaji chake kinazalisha mapato makubwa zaidi, awe huru au asiwe huru. Haki ya kuhama huamua nani atanufaika na uhamisho huo.

Uamuzi wa 1975 na Mgawanyo Mpya wa Fedha

Chama cha wachezaji kilianza kupata nguvu mwaka 1966, Marvin Miller alipokuwa kiongozi wake. Curt Flood, aliyekataa kuhamishiwa Philadelphia mwaka 1969, aliipinga kanuni hiyo mahakamani, lakini Mahakama ya Juu ilimkatalia mwaka 1972 kwa kura tano dhidi ya tatu. Ushindi ulipatikana kwa njia nyingine. Tarehe 23 Desemba 1975, mwamuzi wa migogoro ya kazi Peter Seitz aliamua kwamba Andy Messersmith na Dave McNally, waliocheza msimu mmoja bila kusaini mkataba mpya, walikuwa huru. Makubaliano ya 1976 yaliweka utaratibu kwamba mchezaji apate uhuru baada ya miaka sita ya utumishi katika ligi kuu.

Athletics, iliyotwaa ubingwa mara tatu mfululizo kuanzia 1972 hadi 1974, ilikuwa ya kwanza kuathirika kwa uzito. Mmiliki wake, Charles Finley, alijaribu mwezi Juni 1976 kufanya kile alichokifanya Mack: kuwauza Joe Rudi na Rollie Fingers kwa Boston kwa dola milioni moja kila mmoja, na Vida Blue kwa Yankees kwa dola milioni 1.5. Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alizuia mauzo hayo. Msimu ulipokwisha, Rudi, Fingers na wenzao kadhaa waliondoka wakiwa huru, na Finley hakupata chochote. Mwaka 1977 klabu ilimaliza mkiani mwa kundi lake. Matokeo uwanjani yalifanana na ya 1935. Tofauti ilikuwa kwamba safari hii thamani ya wachezaji ilichukuliwa na wachezaji wenyewe. Wastani wa mshahara katika ligi ulipanda kutoka karibu dola 45,000 mwaka 1975 hadi zaidi ya dola 140,000 mwaka 1980.

Ikiwa uhuru wa wachezaji ndio ulioleta ukosefu wa usawa, ingetarajiwa ubingwa urundikane katika klabu chache baada ya hapo. Kinyume chake, kuanzia 1978 hadi 1987 klabu kumi tofauti zilitwaa ubingwa katika miaka kumi.

Kodi na Mgawo wa Mapato

Pengo la mishahara lilipanuka kwa kasi katika miaka ya 1990, na chanzo chake kikuu kilikuwa mapato ya ndani ya kila klabu. Fedha za matangazo ya televisheni ya kitaifa hugawanywa sawa kwa klabu zote, lakini mechi nyingi kati ya zile 162 hutangazwa na vituo vya eneo husika, na mapato yake ni ya klabu yenyewe. Klabu ya New York au Los Angeles ina mamilioni ya kaya za kuuzia matangazo hayo. Klabu ya mji mdogo haina.

Mwaka 1994 wamiliki walidai ukomo wa mishahara, wachezaji wakagoma tarehe 12 Agosti, na World Series ya mwaka huo ikafutwa. Makubaliano yaliyofikiwa mwaka 1996 hayakuwa na ukomo. Badala yake yalileta kodi kwa klabu zenye mishahara mikubwa mno, pamoja na mgawo wa sehemu ya mapato ya ndani. Kamati iliyoteuliwa na ligi, iliyojumuisha Richard Levin, George Mitchell, Paul Volcker na George Will, ilitoa ripoti mwaka 2000. Ilionyesha kwamba kuanzia 1995 hadi 1999 hakuna klabu nje ya robo ya juu ya mishahara iliyoshinda hata mechi moja ya World Series. Makubaliano ya 2002 yaliongeza nguvu ya kodi na ya mgawo.

Hata hivyo, kanuni hizo zina upande mmoja. Klabu inayovuka kiwango hutozwa kodi, lakini hakuna kiwango maalumu cha chini ambacho kila klabu hulazimika kukitumia kwa mishahara. Klabu zinazopokea mgawo hutakiwa kuutumia kuboresha timu, na utekelezaji wa sharti hilo umekuwa chanzo cha ugomvi. Mwaka 2018 chama cha wachezaji kiliwasilisha malalamiko dhidi ya klabu nne, Athletics ikiwa mojawapo.

Oakland: Werevu na Mipaka Yake

Mwaka 2002 Athletics ilishinda mechi 103, idadi ileile ya Yankees, baada ya kumpoteza Jason Giambi aliyehamia Yankees kwa mkataba wa dola milioni 120. Kitabu cha Michael Lewis kilichotoka 2003 kilieleza mafanikio hayo kuwa matunda ya matumizi ya takwimu chini ya meneja mkuu Billy Beane. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayajitoshelezi. Nguzo za timu hiyo, yaani warushaji Tim Hudson, Mark Mulder na Barry Zito, pamoja na Miguel Tejada, walikuwa hawajatimiza miaka sita ya utumishi. Unafuu wa bei yao ulitokana na mabaki ya kanuni ya zamani ya kubakiza wachezaji. Muda wao ulipokaribia au kutimia, wote waliuzwa au waliondoka.

Jambo la pili husahaulika mara nyingi. Mwaka 1991, chini ya mmiliki Walter Haas, Athletics ilikuwa na jumla kubwa kuliko zote ya mishahara katika ligi. Mji ulikuwa uleule na uwanja ulikuwa uleule. Wamiliki waliomfuata Haas katikati ya miaka ya 1990 waliamua kupunguza matumizi. Kwa hiyo neno “klabu maskini” linahitaji tahadhari katika utafiti: linaweza kueleza ukubwa wa soko, na linaweza pia kuficha chaguo la mwenye mali.

Gharama ya chaguo hilo hatimaye iliangukia mashabiki. Tarehe 26 Septemba 2024 Athletics ilicheza mechi yake ya mwisho Oakland mbele ya watazamaji zaidi ya 46,000, kisha ikahamia Sacramento kwa muda ikisubiri uwanja wa Las Vegas. Msimu huohuo Los Angeles Dodgers ilitwaa ubingwa na kutozwa kodi ya dola milioni 103.

Hitimisho

Historia ya Athletics inaonyesha kwamba wachezaji bora walielekea kwenye fedha kabla na baada ya 1975. Katika enzi ya Mack bei yao ililipwa kwa mmiliki. Baada ya uamuzi wa Seitz ililipwa kwa mchezaji. Ukomo wa mishahara, unaotazamiwa kujadiliwa tena makubaliano ya sasa yatakapokwisha Desemba 2026, ungerudisha sehemu ya fedha hizo kwa wamiliki. Peke yake, haungegusa tofauti ya mapato ya televisheni kati ya miji, wala haungemlazimisha mmiliki yeyote kutumia alichopokea. Mjadala kuhusu usawa katika besiboli hauna budi kuanza na vitabu vya mapato, ndipo uifikie orodha ya mishahara.