Maji, Ulimi na Seli

Alfajiri, Kiwalani jijini Dar es Salaam, mama anafungua dumu la lita 20, anamimina maji kidogo kwenye glasi na kuyainua kwenye mwanga wa mlangoni. Ananusa, anaonja kwa ncha ya ulimi, kisha anahukumu: haya ya kunywa, yale ya kufulia. Yakiwa na tope atayatia shabu au mbegu za mlonge zilizotwangwa, ayaache yatulie.

Madrasani, watoto wanafundishwa kipimo kinachofanana na hicho: rangi, ladha na harufu. Fikihi ya Kishafii, iliyoenea pwani yetu, inaongeza kiasi. Maji yaliyofika qullatain, takriban lita 200, hayanajisiki mpaka moja ya sifa hizo tatu ibadilike. Yakipungua hapo, najisi ikiyaingia tu yamenajisika.

Maabara nayo inajali kiasi, ila shahidi wake ni mwingine. Seli za binadamu, mara nyingi za ini, hupandwa kwenye kisahani chenye vishimo 96. Kila safu hupewa maji yaleyale kwa makali tofauti, na zikishakaa nayo, tuseme saa 24, hudondoshewa dawa ya njano iitwayo MTT. Seli hai huigeuza zambarau. Zilizokufa huiacha njano. Kipimo hiki, alichokitangaza mwanasayansi Mosmann mwaka 1983, hakitaji jina la sumu. Kinaonyesha tu kwamba uhai umedhurika, na kwa makali gani.

Fikihi inauliza kama maji yanafaa kwa ibada. Mama anauliza kama yanafaa kwa chungu chake. Lakini kuna madhara yasiyobadilisha rangi, ladha wala harufu. Arusha, maji yenye floridi nyingi ni maangavu kabisa. Yaliyotoa ushahidi ni meno ya watoto, yalipogeuka kahawia. Kiwalani imepakana na Vingunguti, penye machinjio, viwanda na mabwawa ya majitaka. Hapa ulimi peke yake hautoshi. Tusipoziuliza seli za kwenye kisahani, tutakuwa tunaziuliza za watoto wetu.

Hata hivyo, maabara ina la kujifunza. Mama na mwalimu wa madrasa humjibu palepale yule atakayeyatumia maji. Maabara haina desturi hiyo. Hata seli za binadamu za kwanza kuendelea kuzaana bila kikomo maabarani zilitoka kwa Henrietta Lacks, mgonjwa wa Baltimore, Marekani, mwaka 1951. Zilichukuliwa bila ridhaa yake, na familia yake ilikaa zaidi ya miaka 20 bila kuambiwa.

Basi mtafiti anayekuja Kiwalani na chupa zake na achote, akapime kwa seli, kwa kuwa jicho lake linaona tusipoona. Lakini arudi na jibu kwenye mlango uleule alikochotea, alieleze kwa Kiswahili, mama akiwa ameshika glasi yake.